Simu saba na sahihi ya mama lishe

Mwaka 2018 nilikuwa fundi simu Kariakoo, Dar es Salaam, nimekodi nusu ya fremu. Nusu ya pili mwenzangu akiuza makava na chaji. Alhamisi moja mchana wakaingia wanaume wawili waliovaa kiraia. Mmoja akaokota simu iliyokuwa mezani kwangu, akabonyeza *#06#, akalinganisha namba ya utambulisho wa simu iliyotokea na karatasi aliyoishika.

"Dogo, funga ofisi. Twende kituoni."

Kila fundi wa Kariakoo anaijua hofu hiyo. Simu ya wizi haina alama usoni. Analeta kijana nadhifu, kachomekea, anasema amesahau neno la siri. Wewe unaandika jina na namba yake kwenye daftari, unaendelea na kazi.

Nikamwambia, "Samahani afande, naomba kuona kitambulisho, na kujua nakamatwa kwa kosa gani." Sauti ilikuwa inatetemeka. Swali lenyewe nililipata kwa msaidizi wa kisheria aliyetupa semina kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wetu, Mbagala. Nilihudhuria hasa kwa ajili ya soda, lakini mambo mawili matatu yalibaki kichwani.

Akatoa kitambulisho. "Kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Umeridhika?"

Nilikuwa nimeridhika. Mtu aliyetajiwa kosa anajua ajibu nini na anyamaze wapi. Ukipelekwa kwa "utajua hukohuko" unaanza kujieleza mambo ambayo hata hukuulizwa.

Wakaanza kukusanya kila kitu: ile simu, simu nyingine sita za wateja, kompyuta ya kuflashia, yaani kuwekea simu programu upya, daftari. Hapo ndipo niling'ang'ania, maana mali ya watu ikishaingia kwenye mfuko mweusi bila karatasi, mwenye kuilipa ni fundi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayechukua vitu kwenye upekuzi atoe stakabadhi, isainiwe na mwenye eneo au anayelishikilia, na mashahidi kama wapo. Yule mdogo wao akakunja uso, mkubwa akaandika. Shahidi akawa mama lishe wa jirani, aliyejifuta mikono kwenye kanga, akasoma mstari mmoja mmoja, kisha akasema, "Baba, hapa andika na chaja ya kompyuta, naiona mkononi mwako." Ikaandikwa. Tukaondoka kwa bajaji. Nauli nililipa mimi.

Kituoni nilivuliwa mkanda na viatu, nikaingizwa mahabusu. Jioni nikatolewa kuandika maelezo ya onyo. Mpelelezi alinisomea onyo harakaharaka kama anayewahi daladala: si lazima niseme kitu, nikisema kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani, nina haki ya kuwa na mwanasheria, ndugu au rafiki. Nikaomba nimpigie shangazi. Akanipa simu yangu, nikaongea naye chini ya macho yake.

Maelezo yalipokwisha akanisukumia karatasi nisaini. Nikaomba kuisoma. Katikati palikuwa na sentensi: "Niliipokea simu hiyo nikihisi ni ya wizi." Sikuwa nimesema hivyo. Sitaki kumsingizia kwamba alikusudia. Huenda amezoea kuandika hivyo kila siku. Nikamwambia kwa upole, "Afande, hapa mimi nilisema sikujua." Akanitazama, akakata mstari, akaandika upya, tukatia sahihi pembeni. Wanaofundisha watu kumkoromea polisi "najua haki zangu!" nadhani hawajawahi kulala selo. Ukimkoromea mbele ya wenzake, unamfanya abishane nawe ili asiaibike. Ukimwomba neno lililomo kwenye sheria yake mwenyewe, kukataa kunamwia vigumu.

Usiku mzee mmoja humo ndani, mwenyeji wa mahabusu kuliko alivyopenda, aliniambia: "Mwanangu, ukivuka kesho mchana hujatoka, hesabu Jumatatu." Sheria inasema aliyekamatwa bila hati afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 ikiwezekana, na isipowezekana mkuu wa kituo amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana zito. Mzee aliijua sheria, ila aliijua Ijumaa zaidi.

Shangazi alifika asubuhi na mapema na barua ya mwenyekiti wa mtaa na kitambulisho chake. Kaunta palikuwa na tangazo ukutani kwamba dhamana ni bure. Chini ya tangazo hilohilo kijana wa zamu akamwambia kuna hela kidogo ya karatasi. Shangazi akafungua pochi taratibu. "Sawa baba, shilingi ngapi? Na risiti nitaisubiri hapahapa, sina haraka." Kijana akasema karatasi zimepatikana.

Daftari langu ndilo lililowapeleka kwa mleta simu, nami nikageuzwa shahidi. Nilipoitwa kuchukua mali, simu sita za wateja zilikuwepo, kompyuta ipo, chaja haipo. Nikafunua nakala yangu ya stakabadhi, nikaonyesha sahihi ya mama lishe. Afande akaingia ndani, akakaa kidogo, akarudi nayo, waya umezungushwa vizuri.

Wateja wangu hawakutaka kusikia habari za kituo. Mmoja aliyeleta simu ya kubadilishwa kioo alidai nimpunguzie bei kwa kumchelewesha, na nikampunguzia.