Kilo 5 za asali si lita 5

Jana nimepokea asali ya Tabora, kilo 5. Dumu la lita 5 likafika halijajaa, asali imeishia chini kidogo ya robo tatu. Nilikasirika jamani! Nikashika simu nimpigie muuzaji. Binti yangu wa kidato cha kwanza akasema, "Mama, subiri kwanza tupime."

Akaweka kikombe cha kupimia juu ya mizani ya jikoni, akairudisha sifuri, akamimina taratibu (asali haina haraka) mpaka mstari wa mililita 100. Mizani ikasoma gramu 141. Densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo, kwa hiyo gramu 1.41 kwa kila mililita. Maji ni gramu 1 tu. Mafuta ya kula hayafiki hata hapo, ndiyo maana yanaelea.

Kisha kilo 5 mara 1,000, gramu 5,000. Gawanya kwa 1.41: mililita 3,546, yaani lita tatu na nusu na ushee. Ndizo zilizomo kwenye dumu. Sikupunjwa hata tone, na nashukuru sana sikupiga ile simu. Binti yangu sasa kahamia kwenye kupima samli.