Poligami, mitala, uke wenza na makubadhi ya babu

Wiki iliyopita mtoto wa kaka yangu, anayejiandaa kuolewa, kanipigia simu saa nne usiku, shangazi naomba unieleze vizuri hili neno poligami, maana kwenye grupu la familia tumebishana toka asubuhi, wajomba wanasema ni mwanaume kuoa wake wengi basi, mi nimesema hapana, ni ndoa nyingi, wakaniambia nimeanza mambo ya chuo. Nikamwambia mwanangu uko sahihi kabisa.

Neno lenyewe ni la Kigiriki, polys ni -ingi, gamos ni ndoa, halisemi nani kaoa wangapi. Mume mmoja wake wengi wataalamu wanaita polijini, ile gyne ni mwanamke, na mke mmoja waume wengi ni poliandri, na hiyo ipo kweli jamani, kule milimani Tibet na Nepali ndugu wa tumbo moja walikua wanaoa mke mmoja kwa pamoja ili shamba la baba lisigawanywe vipande vipande. Waliosoma biolojia mnakumbuka gameti, zile seli za uzazi? Inatoka mzizi huohuo wa kuoana. Hata Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga mimea, kwenye kitabu chake cha 1753 aliweka kundi zima akaliita Polygamia. Yaani ni neno la kuhesabu tu, limesimama mbali, unaweza ukalitumia kwa ua au kwa mtu na halishtuki.

Kilichonikosesha usingizi baada ya simu ile ni maneno ya watu waliomo ndani. Mwarabu mke mwenza anamwita dharra, mzizi wake ni uleule uliotupa sisi madhara. Kiebrania cha Biblia ni tsara, neno ambalo ni taabu pia, ndo Penina alivyokua kwa Hana, wake wawili wa Elkana, kwenye Samweli wa Kwanza. Wakikuyu wanasema muiru, na wivu kwao ni uiru. Wajaluo wanasema nyieka, na wivu ni nyiego. Watu wa mbali mbali hawa, na wote walipotafuta jina la yule mwanamke wa pili wakaishia kwenye maumivu.

Sisi tukasema mwenza. Neno lilelile la mwenzako wa safari, la mgombea mwenza. Nimelifikiria sana hili na naamini limetoka vinywani mwa wanawake wenyewe, kwa sababu mitala mara nyingi utaisikia anapotajwa mume, fulani kaoa mitala, lakini uke wenza anatajwa mke, ni neno la uani, la jikoni.

Bibi zangu walikua wawili, Muheza, kila mmoja na nyumba yake na mafiga yake, ua mmoja. Babu akihama zamu jioni alikua anavua makubadhi mlangoni na sisi watoto tukiamka asubuhi tunaangalia makubadhi yako wapi ndo tunajua leo uji wa babu unapikwa jiko gani. Kwetu ilikua kawaida kabisa. Nimeshakua mtu mzima ndo bibi mkubwa akanieleza kwamba mwaka ule wa kwanza alikua hawezi kuyatazama yale makubadhi kwenye mlango wa mwenzake, akitaka kwenda kisimani anazunguka nyuma ya banda la kuku asipite pale mbele, na ndoo kichwani, na njia ya nyuma ilikua na miiba. Jina la mwenzake halitaji, anasema "yule". Yule kaamka, yule kapika. Mpaka mtoto wa bibi mdogo alipougua surua babu akiwa safari, usiku, bibi mkubwa ndo akambeba mgongoni mpaka hospitali. Alivyorudi, anasema, "yule" ilimgomea mdomoni. Akasema mwenzangu. Babu alipofariki waliishi wote miaka 11 mingine, na hakuna aliyekua anakula kabla hajauliza, mwenzangu kala?

Sisemi kwamba ile miiba haikuwepo. Ilikuwepo, na bibi aliikumbuka mpaka anazeeka.

Ndo maana nikamwambia yule binti, achana na ubishi wa grupu, soma sheria, maana hapo ndo neno linakua na meno. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971, hapa Tanzania, ina ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, na hiyo ya wake wengi maana yake ni ndoa ambayo mume ANAWEZA kuongeza. Ukifunga ya Kiislamu au ya kimila inachukuliwa ni ya wake wengi au inayoweza kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vingine, kwahiyo kuna mzee kakaa na mke mmoja miaka 40 na kwenye sheria yuko upande wa wake wengi na wala hajui. Mkitaka kubadili aina ya ndoa mnakwenda mbele ya hakimu au jaji wote wawili, kwa hiari yenu, mume hawezi kwenda peke yake. Na mke ambaye mume anataka kuongeza anaweza kupeleka pingamizi, mfano akiona watoto wake watateseka. Wanawake wangapi wameambiwa hayo kabla ya kuvishwa pete? Mi sikuambiwa, na wanaotakiwa kutuambia wapo.

Yeye na mchumba wake wanafunga ya bomani. Wamekaa wakaongea, wataandika mke mmoja, mchumba karidhia. Kwenye grupu kanyamaza. Kaniomba tu nimtumie ile picha ya bibi zangu wawili wamekaa mkekani wanachambua mchele kwenye ungo mmoja, mchumba hakuwahi kuwaona.