Siku Moja Maishani Mwangu: Tapeti Nane za Mjerumani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kwenye feri ya Likoni, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya samaki na vijana wa bandarini. Mkobani nina mzani mdogo wa kupimia dhahabu. Nimeuazima kwa sonara jirani yangu, na ahadi ni kuurudisha kabla ya magharibi. Leo si siku ya kufunga nati nyingi. Leo ni siku ya kupima.

Saa moja nafungua gereji, Saba Saba. Mtoto wa dadangu, ambaye ni mwaka wa pili sasa ananisaidia kazi, keshafika na mahamri na mbaazi za moto. Tunakula tukiwa tumesimama, macho yote mezani.

Mezani kuna injini ya Volkswagen Beetle ya 1968, ile ya sisi 1500, inayopozwa kwa upepo. Haina rejeta, haina maji. Ina feni, mabati ya kuelekeza upepo, na lita mbili na nusu za oili. Mwenyewe ni mzee mstaafu wa bandari. Ilimzimikia akipanda mlima wa Mazeras, ikaja hapa kwa kuvutwa. Tulipoifungua tukakuta vali ya ekzosi ya silinda ya tatu imekatika kichwa, na kile kichwa kimetoboa pistoni.

Ukiwaambia mafundi wa hizi gari “silinda ya tatu”, wanajua mara moja. Katika injini za wakati ule kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni, kwenye njia ya upepo unaoshukia silinda hiyo. Kwa hivyo wenzake wanapata upepo mzuri, na yeye anapata mabaki yaliyokwisha kupashwa moto na oili. Volkswagen wenyewe waliliona hilo, na kuanzia modeli za 1971 wakakisogeza kile kipoza nyuma, kikapata njia yake. Lakini gari ya mzee ilikuwa na ugonjwa mwingine juu ya huo wa kuzaliwa nao. Gereji iliyoishika kabla yangu ilitoa mabati ya chini na ile raba inayoziba ukingo wa chumba cha injini, ikaona ni takataka. Bila hivyo vitu, joto la ekzosi linapanda juu na feni inalivuta tena. Kwa joto la Mombasa la mwezi wa pili, injini inajipikia yenyewe. Mabati nimeshayapata, ya zamani, nikayanyoosha na kuyapiga rangi. Kesi nayo, lile ganda la injini lenye nusu mbili, ilishachongwa wiki iliyopita kwa fundi wa leithi Shimanzi, na beringi zake mpya zimekuja za kuzidi nusu milimita kwa nje. Hilo limekwisha.

Kazi ya leo ni lile boksi kubwa. Mzee kwa mapenzi yake alinunua kila kitu kipya: pistoni na silinda nne, ringi za pistoni, kamshafti (ule mhimili wenye vidole vinavyofungua vali), tapeti nane, pampu ya oili. Silinda za kipenyo cha milimita 83 kama za asili hakuzipata, akaletewa za 85.5, ambazo zinaingia bila kuchonga kesi na kuigeuza 1500 kuwa 1584. Maboksi yanang'aa kweli. Ndani hamna hata kitu kimoja kilichotoka kiwandani kwa Volkswagen. Beetle ya mwisho ilitoka Puebla, Meksiko, mwaka 2003, ikiwa ya milioni ishirini na moja na nusu na ushee. Brazil wakaendelea kuitia injini hii kwenye Kombi mpaka mwisho wa 2005. Tangu hapo spea nyingi zinatoka kwa watu mbalimbali, wengine waangalifu sana, wengine wanatazama bei tu. Picha ya juu ya boksi haikuambii ni nani kati yao.

Saa mbili tunaanza na silinda. Naziinua moja moja kwenye mwanga wa mlango nikitazama kati ya mapezi yake ya kupozea. Mbili ni safi. Mbili zina utando wa chuma uliobaki kwenye kalibu, mwembamba kama ukoko wa wali, umeziba mapengo matano. Upepo hautapita hapo, na hapo ndipo penye uhai wa injini hii. Kijana anachukua tupa nyembamba na kuanza kuukata taratibu, kisha anazisugua kwa mafuta ya taa mpaka mchanga wa kalibu uishe kutoka. Kazi hiyo inamla saa nzima na nusu, na simharakishi.

Mimi niko kwenye mzani. Pistoni tatu zinapishana kwa gramu mbili. Ya nne imezizidi kwa tisa. Kiwanda kilikuwa kinavumilia gramu kumi ndani ya injini moja, kwa hivyo mtu akitaka kuzifunga hivi ana kitabu cha kumtetea. Mimi sitaki. Injini hii watu wanaikimbiza kwa kasi kwenye barabara ya Mombasa na Nairobi, na gramu tisa mzee atazisikia kwenye usukani. Naigeuza ile nzito na kuichonga kwa ndani, chini ya tundu la pini ambako kuna nyama ya ziada, napima, nachonga, napima. Mpaka saa nne zote nne ziko ndani ya gramu mbili.

Ringi: unaisukuma ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha unaingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia, kwenye mwanya wake. Tunataka kati ya 0.30 na 0.45 ya milimita. Moja imetoka 0.20. Wengi wanaogopa mwanya mpana, lakini ule mwembamba ndio mbaya zaidi: ringi ikipata moto inarefuka, ncha zinagongana, inavunjika na kuchana silinda. Naipiga tupa kidogo, upande mmoja tu, mpaka 0.35.

Saa tano mzee anaingia, kanzu imepigwa pasi, bakora mkononi.

“Sabalkheri mwanangu.”

“Sabalkheri mzee. Karibu kiti.”

Kaja wakati mzuri, maana nilikuwa ndio nimeshika tapeti.

Tapeti ni kitu kidogo, kama uyoga wa chuma. Uso wake unakaa juu ya kamshafti, na kamshafti ikizunguka inaisukuma, nayo inasukuma fimbo inayofungua vali. Ukiutazama ule uso utasema ni bapa. Si bapa. Umebinuka katikati kidogo mno, kiasi ambacho jicho peke yake halikioni, na huo mbinuko ndio unaoifanya tapeti izunguke mahali pake kila inaposukumwa. Ikizunguka, inalika sawasawa kote na kuishi miaka. Isipozunguka, inalika mstari mmoja, inaila na kamshafti, na vumbi la chuma linaingia kwenye oili. Na Beetle haina filta ya oili, ina chujio la wavu tu.

Kuzipima hakuhitaji mashine. Chukua tapeti mbili, zigusanishe uso kwa uso, ziinue kwenye mwanga. Nzuri zitagusana katikati, na pembeni utaona uzi wa mwanga kuzunguka kote. Ukizisukuma zitatikisika kidogo. Nilizijaribu mpya zote nane. Tatu hazikuonyesha mwanga wowote. Mbili zilionyesha mwanga upande mmoja, maana yake uso umechongwa kombo.

“Mzee, nimeziona hizi mpya. Siwezi kuzifunga. Nataka kurudisha zile zako za kale, na kamshafti yake ya kale.”

Akanyamaza. Nikajua ni pesa yake inayomsemesha moyoni, na ana haki.

“Mwanangu, mimi nimelipa kipya. Wataka kunirudishia kitu cha miaka hamsini na ushee?”

Nikampa mbili mpya mkononi. Akaenda nazo mlangoni mwenyewe, akavua miwani, akaziinua. Kisha nikampa mbili za kale. Hizi zina alama ya kiwanda, na usoni zina mikwaruzo myembamba ya duara, alama ya tapeti iliyozunguka maisha yake yote. Akakaa nazo pale mlangoni muda mrefu.

“Huku naona mwanga pande zote,” akasema. “Hizi nyengine zimeziba.”

Basi. Hatukubishana tena. Kamshafti ya kale nilikuwa nimeshaipima, vidole vyake vyote vinanyanyua sawa. Mzee akapiga simu dukani, wakakubali kumbadilishia kwa sili na gasketi. Tukanywa chai, akatukumbusha Volkswagen zilivyoshinda Safari Rally 1954, 1957 na tena 1962, ile aliyoendesha Tommy Fjastad. Kila anayemiliki Beetle nchi hii anaijua miaka hiyo mitatu kwa moyo.

Lazima niseme jambo kuhusu hizi tapeti za kale. Ziko kwenye trei ya mayai, kila moja na namba yake. Tapeti iliyotumika inarudi kwenye tundu lake na kidole kilekile cha kamshafti ilichozoeana nacho, haibadilishwi. Nilipokuwa mwanafunzi niliziosha nane zote kwenye karai moja la petroli, nikazirudisha nilivyoziokota. Gari ile ilirudi baada ya miezi michache, kidole kimoja cha kamshafti kimelika kama ncha ya penseli. Aliyenifundisha hakunifokea. Aliifungua injini upya kwa pesa yake, siku mbili, na mimi nikimshikia taa. Mpaka leo nikiona karai la petroli naikumbuka ile taa.

Adhuhuri, swala, wali wa nazi. Saa nane stima ikakatika, lakini tulikuwa hatuihitaji.

Saa tisa tunafunga kesi. Nusu ya kushoto iko kwenye stendi, krankshafti, mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, imelala na beringi zake zimeingia kwenye pini zake ndogo. Hapa sina haraka hata chembe: beringi ikikaa juu ya pini badala ya kuingia, ukikaza umeiharibu. Kamshafti inalala pembeni, kitone cha gia yake katikati ya vitone viwili vya gia ya krankshafti. Nusu ya kulia itafunikwa kutoka juu, na tapeti zake nne zingeanguka, kwa hivyo tunazipaka grisi zishike. Kijana anazitoa kwenye trei, namba moja, mbili, tatu, nne, akizitaja kwa sauti. Hakuna gasketi kati ya nusu hizi, ni chuma kwa chuma na utando mwembamba wa gundi. Tunashusha pamoja. Nasikiliza kama kuna kinachoanguka. Kimya.

Nati sita kubwa, mzunguko mdogo mdogo, na kila duru tunaizungusha krankshafti kwa mkono. Ikiwa nzito ghafla, tunafungua. Tunafika mkazo wa Nm 34 na bado inazunguka laini, ina uzito mmoja mwanzo mpaka mwisho. Mzee, ambaye hakwenda nyumbani, anaomba kuizungusha. Anaizungusha mara tatu.

Saa kumi na moja nampelekea sonara mzani wake, haraka haraka. Nikirudi kufunga mlango namkuta kijana amekaa kwenye kreti, pampu mpya ya oili iko wazi mapajani, fila geji mkononi. Sikuwa nimemtuma.

“Mjomba, mwanya wa gia na mdomo wa pampu mwisho ni 0.10, sivyo?”

“Ndiyo.”

“Hii ya 0.15 inapita bila kugusa.”

Nikaichukua nikajaribu mwenyewe. Ikapita. Akaifunga ndani ya boksi lake, akaandika juu kwa chaki “RUDISHA”, akaiweka na zile tapeti mpya. Pampu ya kale tutaisafisha kesho saa mbili, tuone na yenyewe inasemaje.