Mnaotoka Minneapolis kwenda Fargo Krismasi hii

Jamani, shida kubwa ya barabara kuu ya I-94 siyo theluji inayoanguka, ni upepo. Ukishapita Fergus Falls nchi inakuwa tambarare tupu, na theluji iliyolala shambani tangu juzi inanyanyuliwa hadi huoni boneti yako mwenyewe. Angalia 511, huduma ya taarifa za hali ya barabara, kabla ya kutoka. Wakifunga barabara, usitafute njia za panya. Huko ndiko magari yanakokwama usiku kucha.

Pima upepo wa matairi asubuhi kabla gari halijatembea: joto likishuka nyuzi 6 hivi za Selsiasi, tairi hupoteza kama psi 1. Maji ya wipa yawe ya baridi kali, ya kiangazi yatagandia kiooni ukiwa mwendoni. Tangi lisishuke chini ya nusu.

Madaraja huganda kwanza, maana baridi inayapiga juu na chini. Lami ikionekana imelowa lakini gari la mbele halirushi maji, hiyo ni barafu. Ukiteleza, achia mafuta, usikandamize breki, elekeza usukani unakotaka kwenda.

Mkikwama, bakini garini. Fukueni kwanza theluji kwenye ekzosi, ndipo muwashe injini dakika 10 kila saa, dirisha la upande usiopigwa na upepo likiwa wazi kidogo. Ekzosi ikiziba, kaboni monoksaidi inaingia ndani, na haina harufu. Chepe liwe kiti cha nyuma, si kwenye buti: mlango wa buti nao huganda.