Waifai ifike hadi kwa baba: kumbukumbu ya mradi wangu, Lang'ata

Julai, Jumapili usiku

Leo saa tatu usiku nilitoka nje kuanua nguo, nikamkuta baba kasimama karibu na mlango wa jikoni, sweta mbili mwilini, simu kainyanyua usoni. Alikuwa akiongea kwa video na shangazi aliye Kisii. Chumbani kwake, kule esikyuu nyuma ya nyumba, picha huganda na sauti hukatika, kwa hiyo kila Jumapili hutoka nje na baridi hii ya Julai kuifuata waifai. Amekaa nasi miezi saba na hakuwahi kuniambia. "Mama, usijisumbue, hapa inashika vizuri," akasema. Huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nimeamua kuishughulikia waifai ya nyumba nzima, na nitaandika hapa kila hatua.

Nyumba yenyewe iko hivi. Rauta ya faiba ipo sebuleni kando ya dirisha la mbele, pale kampuni ilipoingizia waya wake. Kutoka hapo hadi kwa baba kuna kuta tatu za mawe ya kukatwa kwa mashine, unene wa inchi 9, plasta pande zote mbili, na katikati ua wa kuanikia nguo. Juu kuna vyumba vitatu, kimojawapo ndicho ofisi yangu ya kutafsiri. Kati ya juu na chini kuna slabu ya zege yenye vyuma ndani. Kifurushi chetu ni cha Mbps 40 (megabiti kwa sekunde), na ukisimama karibu na rauta unazipata zote. Kwa hiyo tatizo si kampuni ya intaneti, ni mawe.

Wiki ya kwanza, Jumanne

Kabla ya kununua chochote nimepima. Nilipakua programu ya bure ya kupima mawimbi, nikazunguka na simu chumba kwa chumba, nikisimama dakika mbili kila mahali. Nguvu ya mawimbi huandikwa kwa dBm, namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Kwa simu za video lengo langu ni -67 au karibu zaidi na sifuri. Ikishafika -80 simu huonyesha kwamba imeunganishwa, lakini hakuna kinachopita cha maana.

Sebuleni nimepata -38. Kwenye ngazi, pale zinapokatia kona, -57. Jikoni -66. Ofisini kwangu -72, na chumba cha kijana wangu -77; sasa naelewa kwa nini kazi zake za gredi ya 8 huzifanyia mezani sebuleni huku televisheni inawaka. Kwa baba, masafa ya 5 GHz hayaonekani kabisa. Yale ya 2.4 GHz yanafika na -84.

Masafa haya mawili hayana tabia moja. 5 GHz hubeba data nyingi kwa kasi lakini ukuta huyala. 2.4 GHz hupenya mawe vizuri zaidi, ila yana msongamano, kwani kila jirani yumo humo. Nikiwa ofisini nilihesabu mitandao 19 ya watu wengine, na chaneli zisizoingiliana kwenye 2.4 GHz ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ni kama vikundi vingi vya kwaya vikifanya mazoezi katika kumbi tatu.

Kitu kimoja kilinishangaza. Kona ya ngazi ina mawimbi mazuri kuliko jikoni, ingawa iko juu zaidi na mbali zaidi. Sababu ni kwamba ngazi ni tundu kwenye slabu. Mawimbi yanapanda kwa njia ileile tunayopandia sisi. Nimeichora kona hiyo kwenye daftari kwa kalamu nyekundu.

Wiki ya kwanza, Ijumaa

Watu watatu wameniuliza kwa nini nisinunue tu kipanuzi, kile kidogo cha kuchomeka kwenye soketi. Ninacho, tangu mwaka jana, kimelala kabatini. Kipanuzi cha aina yangu kina redio moja inayosikiliza rauta na kurudia kila kitu kwa simu yako kwenye chaneli ileile. Haiwezi kusikiliza na kusema kwa wakati mmoja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Tena kilikuwa na jina lake la mtandao, na simu iling'ang'ania jina la zamani hata ukisimama mbele ya kipanuzi chenyewe.

Meshi ni vituo viwili, vitatu au zaidi vinavyofanya kazi kama mtandao mmoja wenye jina moja na nywila moja. Vyenyewe hupanga data ipite wapi, na vile vinavyotumia kanuni za 802.11k, v na r huisaidia simu kuhama kutoka kituo hiki kwenda kile bila mazungumzo kukatika. Husaidia tu. Uamuzi wa kuhama hubaki wa simu, na simu za zamani huwa nzito kuhama.

Nilichojifunza kwa kusoma wiki nzima, na ambacho sikukiona kimeandikwa kwenye boksi lolote, ni kuuliza hivi: vituo vyenyewe vinazungumzaje? Kama cha pili kinapokea kutoka cha kwanza kwa hewani, ukuta uliomsumbua baba utakisumbua na hicho kituo. Kukiweka chumbani mwake hakukiondoi ukuta. Kituo kitakuwa na mawimbi makali hapo chumbani, simu itaonyesha mistari yote, na bado picha ya shangazi itaganda.

Wiki ya pili, Jumamosi

Nimeshinda mjini, Luthuli Avenue, duka hadi duka. Nimerudi na miguu inauma na daftari limejaa.

Namba za kwenye boksi zinahitaji kufumbuliwa. AC1200 maana yake ni Mbps 300 za 2.4 GHz zikijumlishwa na 867 za 5 GHz, kisha wakakadiria. Hakuna simu itakayopata 1,200, kwa sababu simu hutumia masafa mamoja kwa wakati, na hizo ni kasi za hesabu. AX1800 ni hivyohivyo: 574 na 1,201. Herufi AC ni Wi-Fi 5, AX ni Wi-Fi 6.

Nilikuwa na seti tatu za meshi za kulinganisha. Tenda MW3 ndiyo ya bei ya chini, lakini poti zake za waya zinaishia Mbps 100. TP-Link Deco M4 ni AC1200 na kila kituo kina poti mbili za gigabiti, yaani Mbps 1,000. Deco X20 ni AX1800, nayo ina poti za gigabiti. Muuzaji mmoja alinisukuma kwa heshima kuelekea seti ya bendi tatu, ile yenye redio ya ziada kwa ajili ya mazungumzo ya vituo vyenyewe. Ni teknolojia nzuri na ina mahali pake, hasa kwa mwenye kifurushi kikubwa na asiyeweza kupitisha waya. Lakini nilikaa kwenye benchi nje ya duka nikapiga hesabu. Kifurushi changu ni Mbps 40. Kituo cha kwenye ngazi kikipokea Mbps 200 kwa hewani kisha kikapoteza nusu kwa kurudia, zinabaki 100. Bado ni mara mbili na nusu ya ninacholipia. Redio ya tatu ingenisaidia nini? Na kwa baba, ambako 5 GHz haifiki kabisa, hata redio kumi haziwezi kusukuma jiwe.

Nimenunua Deco M4, vituo vitatu. Pesa iliyobaki nimeiweka kwenye waya wa kuunganisha kituo cha sebuleni na cha baba.

Kuhusu waya naomba nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Niliomba Cat6, waya wa mtandao wenye nyuzi nane, nikaonyeshwa roli mbili za rangi moja na maandishi yanayofanana, moja nzito na nyingine nyepesi sana. Muuzaji mzee wa duka la tatu ndiye aliyenionyesha cha kufanya: alichuna uzi mmoja, akaukwangua kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba tupu. Ukigeuka mweupe, ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo hukatika kirahisi ukiikunja na hupoteza nguvu zaidi njiani. Nimechukua mita 30 za shaba, zenye ganda jeusi la kuhimili jua.

Wiki ya pili, Jumapili

Nilianza bila waya ili nione. Cha kwanza kando ya rauta, cha pili kona ya ngazi, cha tatu kwa baba.

Juu, kazi imekwisha. Ofisini napata Mbps 34, chumba cha kijana 31. Tundu la ngazi limelipa. Kwa baba nilipata 9, dakika chache baadaye 4, kisha 11. Taa ya kituo ilikuwa ya kijani muda wote. Hili nalo ni la kukumbuka, kwamba taa ya kijani husema kimeunganishwa, haisemi kimeunganishwa vizuri kiasi gani.

Jambo jingine nililofanya leo ni kukiweka kituo cha kwanza kwenye hali ya kuwa kisambazaji tu, si rauta. Rauta ya kampuni tayari inagawa anwani za mtandao, na ukiziacha mbili zikigawa, moja ndani ya nyingine, kuna michezo ya kijana na baadhi ya simu za video zitakazosumbua. Halafu nikazima waifai ya rauta ya kampuni, na vituo vipya nikavipa jina na nywila zilezile za zamani. Televisheni, simu sita na printa zimeingia zenyewe bila mimi kugusa chochote.

Wiki ya tatu, Jumamosi

Siku ya waya. Fundi alifika saa mbili na kijana wake. Wazo lake lilikuwa tuupitishe juu, sambamba na kamba ya nguo. "Mama, ni nusu saa tu tumemaliza," akasema. Nilikataa. Waya ulioning'inia nje ni mwaliko kwa radi msimu wa mvua. Tukakubaliana uingie ndani ya paipu ya plastiki chini ya ukuta wa ua, mbali na paipu ya stima, kwani waya wa data haupaswi kulala pamoja na wa umeme. Umetumia mita 27. Kikomo cha waya wa aina hii ni mita 100, kwa hiyo tuko salama kabisa.

Vichwa vya waya nimevifunga mwenyewe kwa mpangilio wa rangi wa B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, samawati, nyeupe-samawati, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tulipochomeka, programu ikaonyesha kiungo cha Mbps 100 badala ya 1,000. Fundi alisema kwa kifurushi cha 40 inatosha, na kwa hesabu yuko sahihi. Lakini 100 hutumia jozi mbili tu za nyuzi, na gigabiti huhitaji zote nne. Kushuka kwake kulikuwa kunaniambia kuna uzi haujagusa, na uzi uliolegea leo huachia kabisa siku nyingine, pengine baba akiwa katikati ya maongezi. Nilikata kichwa cha upande wa esikyuu nikafunga upya. Ule wa kahawia haukuwa umefika mwisho. Ikasoma 1,000.

Chumbani kwa baba: -41, na Mbps 39.

Wiki ya tatu, Jumatano

Stima ilipotea saa moja jioni. Faiba ya aina ya GPON hupita kwenye vigawanyaji visivyohitaji umeme, kwa hiyo ukiwasha vifaa vya nyumbani kwako intaneti inaweza kuendelea hata mtaa wote ukiwa giza. Nilikuwa nimeshanunua betri ndogo ya 12V, ile inayokaa kati ya adapta na rauta. Imeandikwa 8,800 mAh, lakini namba hiyo ni ya seli za 3.7V ndani yake, sawa na takriban wati-saa 32.6. Kifaa cha faiba na kituo cha kwanza kwa pamoja vinakula kama wati 14. Hesabu inatoa saa mbili na ushee, toa kinachopotea njiani. Jana ilidumu saa moja na dakika hamsini. Hakikisha tu umesoma volti kwenye adapta za vifaa vyako kabla ya kuchomeka betri ya namna hii.

Kituo cha baba kilizimika, bila shaka. Betri ya pili nimeiagiza.

Agosti, Jumapili usiku

Kimebaki kitu kimoja. Simu ya baba ni ya zamani, na akitoka sebuleni baada ya chakula hung'ang'ania kituo cha sebuleni hadi afike mlangoni mwake. Nimesogeza kituo hicho mita mbili mbali zaidi na ua ili mawimbi yake yafifie mapema huko uani. Inahama sasa, baada ya sekunde chache. Wiki ijayo nitajaribu kukisogeza kidogo tena.

Saa tatu nimetoka kuanua nguo. Uani hakukuwa na mtu. Dirisha la esikyuu lilikuwa limefungwa kwa ajili ya baridi, taa inawaka, na sauti ya shangazi ilisikika hadi kwenye kamba, akisimulia habari za mahindi. Baba alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya blanketi, simu ameiegemeza kwenye kikombe cha chai.

Aliponiona dirishani aliigeuza simu, ili shangazi naye anisalimie.