Kipande cha bendera na maandishi ya ubavuni

Ukoo wetu kule Ukerewe una kitambaa kimoja, ukubwa wake kama kiganja tu, kimehamahama masanduku ya wakubwa miaka yote, na stori yake kila mtoto wa pale kaisikia: mzee wetu alikuwa keya, yaani askari wa Mwingereza wa King's African Rifles (K.A.R.), Mwingereza alipoiteka Mwanza mwaka 1916 yeye akaingia bomani akaishusha bendera ya Mjerumani, wenzake wakaichana wakagawana, chake ndo hiki. Shangazi kanipa akisema kichukue wewe uliyesoma, mende wasije wakakimaliza.

Nikaanza na kitambaa chenyewe. Pembeni palishalegea, nikachomoa uzi mmoja nikauwasha na kiberiti, ukanuka nywele zilizoungua na kuacha majivu ya kusagika, basi hiyo ni sufu, ingekuwa nailoni ingeyeyuka ikaganda (na mimi ningekirudisha kimyakimya, vita ya kwanza nailoni ilikuwa haijavumbuliwa).

Ila utamu uko kwenye rangi. Kuna upande mpana mweusi, ukifuatiwa na utepe mweupe mwembamba, halafu kimstari cheusi chembamba kabisa, halafu nyeupe tena mpaka palipochanika. Bendera ya kawaida ya Mjerumani wa enzi hizo ni nyeusi, nyeupe, nyekundu, mistari mitatu mipana basi, kimstari kama hicho hamna. Kipo kwenye bendera ya vita, ile nyeupe yenye msalaba mweusi na tai katikati, msalaba wake umezungushiwa hivyohivyo. Kwa hiyo ni bendera ya jeshi, hapo wazee hawakutudanganya.

Sasa shida ikaja kwenye medali. Kitambaa siku zote kimefungiwa medali ya fedha yenye kichwa cha mfalme George, na medali za vita ile ziligongwa ubavuni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Kwetu nadhani hakuna aliyewahi kuangalia ubavuni. Nimemulika na tochi ya simu kwa mshazari, jina limelika, lakini mwishoni panasomeka vizuri tu: 6 K.A.R.

Aisee. Ukerewe ilichukuliwa Juni 1916, Mwanza ikafuata 14 Julai, Wajerumani wakakimbilia upande wa Tabora, na keya waliokuwemo kwenye kazi hiyo ni wa batalioni ya 4, ya Uganda. Batalioni ya 6 haikuwepo! Imeundwa 1917, na wengi walioijaza walikuwa askari wa Mjerumani waliotekwa, wakabadilishiwa sare wakaendelea na vita upande wa pili. Mimi ninavyoona, mzee hakuishusha ile bendera, alikuwa anaipigia saluti, na walipoanza kurudi nyuma akakata chake akaficha. Ushahidi kamili sina, ila hiyo inanikalia kichwani kuliko ile ya bomani.

Mjomba kasikia kawaka, eti namfanya mzee msaliti. Nikamwambia mjomba, msaliti wa nani, Mjerumani au Mwingereza? Kanikatia simu.

Kitambaa sikifui, nimekilaza bila kukunja kwenye karatasi nyeupe, mbali na jua. Na wewe kama kwenu kuna medali ya keya, igeuze usome ubavuni, halafu niandikie kama nawe umekuta 6.