Wiki ya saba

Leo natimiza wiki 7 tangu nianze kupaka adapalini, dawa ya chunusi, na nimeamka na chunusi mpya kidevuni, nyekundu, inauma nikiigusa. Nimeshaigusa mara tano hata kabla ya kupiga mswaki.

Hii ni mara ya pili naandikiwa dawa hiyohiyo. Mara ya kwanza niliiacha wiki ya 3. Uso ulikauka hadi pembe za mdomo zikawa zinachubuka nikicheka, na chunusi ndiyo kwanza zinaongezeka. Nikasema dawa imenikataa. Kumbe mimi ndiye nilikuwa siipaki nilivyoambiwa: nabandika donge zima juu ya kila chunusi, zikipoa naacha, zikirudi napaka mara mbili kwa siku kufidia.

Safari hii daktari wa ngozi alichukua kalamu akanichorea kinyweleo kilichoziba. Kipele unachokiona leo, akasema, kilianza kuziba wiki kadhaa nyuma, wewe huna habari. Kazi kubwa ya dawa ni kuzuia vile ambavyo bado havijajitokeza. Ndiyo maana inapakwa hata pale palipo safi, na ndiyo maana matokeo yanangojewa wiki 8 hadi 12. Mimi nilikuwa naihukumu kila asubuhi.

Basi usiku naosha uso, naukausha, nasubiri kama dakika 20, nakamua kiasi cha punje ya njegere. Moja, uso mzima! Kidole kinatamani kuongeza. Naiweka nuktanukta kwenye paji, mashavuni, kidevuni, kisha nasambaza nikikwepa macho na pembe za pua, halafu losheni. Wiki 2 za mwanzo nilikuwa napaka usiku mmoja, naruka mmoja, kwa ruhusa yake, si kwa utoro. Ruhusa hiyo ningeipata hata mara ya kwanza, kama ningerudi kusema uso unawaka badala ya kutupia tyubu kwenye droo.

Asubuhi ni benzoili peroksaidi, dawa nyingine ya chunusi, kisha losheni ya kukinga jua. Lakini jamani, taulo langu la buluu! Limejaa madoa meupe ya hiyo benzoili, kama limemwagikiwa dawa ya kuondoa rangi. Foronya nayo imeharibika. Sasa natumia taulo jeupe.

Nimeshapaka usiku huu. Chunusi ya kidevuni imepata mgao uleule uliopata paji la uso, ambalo, nikisogeza taa hivi, naona halijatoa kipya tangu Jumapili.